Stendi ya Beseni na Maua ya Plastiki

Chiriku hakuwahi kuweka habari kifuani hata kwa muda wa kufunga kamba za viatu, na siku ile alibeba habari kubwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa anakimbia. Msichana mzima, amemaliza chuo, cheti chake kimetiwa kwenye fremu, anakimbia barabarani mkoba unampiga kiunoni kama unamhimiza, anaruka madimbwi, anasalimia watu na kupita kabla hawajaitikia. Jina lake halisi lipo, limeandikwa kwenye hicho cheti, ila nyumbani hakuna anayelitumia. Shangazi yake alimpa hilo la ndege tangu alipoanza kusema, maana alianza mapema na mpaka leo hajapumzika.

Habari yenyewe ilikuwa hii: Mhandisi anakuja.

Mhandisi ni mama mmoja mrefu, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi, na ndiye anayesimamia karakana wanakokwenda vijana wenye mawazo ambayo bado hayajaota miguu. Ndani ya karakana kuna meza za kazi, kila meza na randa zake na misumeno yake, na ukipewa meza ni yako mwaka mzima. Meza moja ilikuwa wazi, ile ya dirishani. Walioitaka walikuwa wengi kama siafu. Mhandisi hakutaka hotuba wala picha za kupendeza. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba atakwenda mwenyewe, siku atakayoamua yeye, kuona kama kitu ulichobuni kinatumiwa kweli na watu uliosema kitawafaa. Na asubuhi ile, huku anafuta miwani kwa pindo la koti, alimwambia Chiriku, "Nitapita kwa hao madobi wako majuma haya mawili matatu. Usinisindikize."

Chiriku akaitikia kwa adabu, akatoka taratibu mpaka mlangoni, halafu miguu ikajiamulia yenyewe.

Akiikosa meza ile, angerudi kupokea simu kwenye ofisi ya wauza vigae, kazi halali kabisa, ambayo siku nzima unawaambia watu usiowajua wasubiri kidogo. Lakini hilo angelivumilia. Meza aliitaka kwa sababu ya mgongo wa Shangazi.

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Ni dobi. Kila asubuhi hujikunja juu ya beseni uani, afue, asuuze, akamue, aanike, na akimaliza furushi moja jingine linamkodolea macho. Ada ya Chiriku, sare, viatu, mpaka lile joho la kuazima la siku ya mahafali, vyote vilitoka kwenye povu hilo. Sasa mgongo ulikuwa umeanza kudai haki yake. Daktari alisema, mama, ama upunguze kuinama ama uache kufua. Shangazi akamjibu kwamba nguo bado hazijajifunza kupanda juu zenyewe.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kama mtu hawezi kuacha kulifuata beseni chini, basi beseni lipande limfuate mtu. Stendi ya mbao, yenye duara juu la kukalisha beseni, dobi afue amesimama wima. Rahisi hivyo.

Chuoni walifundishwa namna ya kulea wazo changa. Kaa na watu, watazame. Tengeneza kitu cha haraka, cha hovyo hovyo, cha kujaribia tu. Wape wakitumie, wakiponde, wewe ubomoe uanze upya. Chiriku alilijibu swali la mambo hayo kwenye mtihani mpaka akaomba karatasi za ziada. Ila ilipofika zamu ya Shangazi, mkono ulikataa. Ampelekee nani kitu cha hovyo? Huyu aliyechubuka viganja kwa sabuni ili yeye asome? Hapana, Shangazi apewe kilicho bora.

Na bahati mbaya, au nzuri, karakana ile ina Msasa. Msasa ni kijana anayetengeneza viti kwenye meza iliyo jirani na ile ya dirishani, na watu walimpa jina hilo kwa sababu hawezi kuona ubao unaokwaruza akapata usingizi. Alipoona michoro ya Chiriku, macho yalimng'aa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema, akakunja mikono ya shati. Wakatengeneza stendi, wakazipiga msasa, wakazipaka vanishi, wakazipiga msasa tena, wakapaka tena, mpaka ukizisogelea unaona meno yako. Moja ikaenda kwa Shangazi. Moja kwa Mama Pacha, jirani wanayechangia uwanja, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo wa siagi. Na moja kwa Dada Kimya, anayefua nao pale, ambaye akisema neno watu hutazama mbingu kama kuna mvua.

Kila alipotaka kwenda kuwatembelea, Chiriku alipiga simu kwanza, maana amefunzwa adabu na haingii kwa watu ghafla. Na kila alipofika, stendi zilikuwa uani, mabeseni juu yake, wanawake watatu wamesimama wima kama askari wa gwaride.

"Mwanangu, mgongo umesahau kama una mifupa," Shangazi humwambia.

"Umetuokoa," husema Mama Pacha.

Dada Kimya huchezesha kichwa. Kisha Chiriku huwachemshia chai, ile chai yake ambayo Shangazi huisifu tangu zamani, wakanywa, wakamshukuru, akaondoka anaelea.

Siku hii, kwa furaha, simu aliisahau kabisa.

"Hodi hapa," alisema, na bila kungoja karibu akakata kona ya uani.

Aliona migongo. Migongo mitatu imeelekea juu, vichwa viko chini, mabeseni yamekaa sakafuni palepale yalipokaa miaka yote. Stendi haikuwepo hata moja.

Mama Pacha ndiye aliyegeuka kwanza. "He. Hukupiga simu."

"Shikamoo Shangazi. Shikamoo Mama Pacha. Habari za kazi, Dada. Stendi ziko wapi?"

"Marahaba, mwanangu," Shangazi aliitika, huku ananyanyuka kwa mafungu, kwanza magoti, kisha kiuno, mkono mmoja umeshika nyuma kama unaozuia mlango usifunguke. "Umekula?"

"Nimekula. Stendi ziko wapi?"

"Maji je, utakunywa?"

"Shangazi."

"Jua kali leo. Mtoto anatembea kwenye jua namna hii bila hata kitambaa kichwani."

Chiriku akaingia ndani mwenyewe. Sebuleni, pembeni mwa kochi, chini kabisa ya picha yake ya mahafali, stendi ilikuwa imesimama inang'aa kama bibi harusi. Juu ya lile duara limewekwa sinia, juu ya sinia kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua. Maua ya plastiki, mekundu, yamepanguswa vumbi asubuhi hiyohiyo.

Wanawake walikuwa wamemfuata, wamejazana mlangoni na mikono yao ya povu.

"Na yako, Mama Pacha?"

"Yangu imebeba redio," alisema Mama Pacha. "Lakini imeibeba vizuri, usiseme. Tangu ipande pale hata sauti imetakata."

"Na wewe, Dada?"

Dada Kimya alitazama vidole vya miguu yake. "Chini ya kitanda," alisema. Kisha, kwa kuwa haikutosha, akaongeza, "Kwenye karatasi yake."

Chiriku akakaa kwenye kochi.

Shangazi alikaa naye, akifuta mikono kwenye kanga. "Sikiliza mama. Siku ya kwanza nilifulia. Haki ya nani nilifulia. Maji yakaruka, yakakaa juu ya ile rangi, pakawa na weupe. Roho ikaniuma kama nimekukwaruza wewe uso. Nikafuta, nikafuta, haukutoka wote, ona, uko hapa. Nikasema, kitu cha kwanza cha mtoto wangu, kimetoka mikononi mwake, mimi nikimwagie maji machafu ya soksi za watu?"

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Ulikuwa unacheka."

Hapo Chiriku akawaeleza juu ya Mhandisi, na meza ya dirishani, na kwamba mama huyo anaweza kutokea hata kesho. Alitegemea watalia naye kidogo. Badala yake Mama Pacha alipiga makofi mara moja, pa, kama mtu aliyepata alichokitafuta.

"Hilo tu? Mwanangu, hilo usilale nalo. Tunazitoa. Mimi nashusha redio, dada huyu anafungua karatasi, tunapanga uani. Akitokea huyo mama, tunafua mpaka aombe poo. Nitaimba. Shangazi yako atasema mgongo umepona, mimi nitasema goti, na huyu dada atanyamaza kama kawaida, maana shahidi asiyesema haharibu kesi."

"Sisi ni wako," alisema Shangazi. "Hatutakuangusha."

Na walimaanisha. Wangesimama juani siku nzima kwa ajili yake, wangemdanganya Mhandisi na serikali nzima, na Chiriku alijua kwamba mpango huo ungefaulu, kwa sababu yeye mwenyewe ulikuwa umemdanganya mara zote. Meza ilikuwa pale, angeweza kuzinusa mbao zake. Kisha Shangazi akanyanyuka kwenye kochi kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba, na akanyanyuka kwa mafungu, mkono nyuma.

Meza ya nini basi, kama mgongo ni uleule?

"Msizitoe," alisema Chiriku. "Acheni maua yakae. Mimi nitarudi na kitu kingine, na ninaomba jambo moja. Mkiseme vibaya."

"Kwani kitakuwa kibaya?" aliuliza Mama Pacha.

"Sana."

Msasa alipopewa habari, alikaa chini juu ya rundo la maranda. "Wameweka maua?"

"Ya plastiki."

"Wangeweka hata ya kweli." Akapukuta maranda magotini. "Mama Pacha anasema sauti ya redio imetakata?"

"Usianze, Msasa."

Waliokota makreti yaliyotupwa nyuma ya karakana, yale ya mbao nyembamba yenye maandishi ya kampuni ya sabuni, wakaokota vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi za watu, wakapiga misumari. Walitumia muda mfupi kuliko ule waliotumia zamani kuchagua rangi ya vanishi. Msasa aliteseka. Alikuwa anaupapasa ubao kwa huruma kama mtu anayemuaga mgonjwa, na Chiriku alimruhusu kulainisha sehemu moja tu, pale viganja vitakaposhika, ili vibanzi visimchome mtu. Kilipokamilika, mguu mmoja ulikuwa na rangi ya bluu, mwingine kijani, na kitu chote kilisimama kimeinamisha bega kama kinasikiliza umbea.

Mama Pacha alikitazama kikishushwa uani. "Hili ni zimwi," alisema.

Na jina likakaa.

Sasa hapa ndipo ilipokuja kazi ngumu kuliko zote, maana Chiriku alijiwekea sharti kwamba watakapofua, yeye hatasema kitu. Hatafafanua, hatatetea, hatasema "ila nilikusudia". Alijijua. Alichukua kibanio cha nguo kutoka kwenye kamba, akakibana kwa meno, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Hakuna aliyelionea Zimwi huruma. Maji yaliruka, wakayaacha yaruke. Mama Pacha alilisukuma kwa goti. Dakika ya kwanza tu Shangazi, ambaye kwa majuma mengi alikuwa anasifu, alisema, "Refu."

Chiriku akatikisa kichwa, kibanio mdomoni, maana yake, endelea.

"Refu, mwanangu. Mikono inapanda, maji yanafuata mkono yanashuka kwenye kiwiko, yanaingia kwapani. Tazama gauni. Hata ile nyingine ya sebuleni ilikuwa hivihivi, nilikuwa nakuficha."

Chiriku aliinuka na msumeno, akakata miguu palepale mbele yao, vipande vikaanguka kwenye povu. Wakajaribu. Bado. Akakata tena. Mama Pacha akasema mbona sasa limekuwa kigoda cha mbilikimo, wakaweka vibao chini ya miguu, wakapandisha kidogo, mpaka Shangazi akatumbukiza mikono na kuendelea kufua bila kusema lolote, na wote wakajua kwamba hapo ndipo.

"Linateleza," alisema Dada Kimya.

Watu wakageuka.

"Mpira," akasema tena, akaenda kwake, akarudi na tairi ya baiskeli iliyochanika. Wakakata, wakavalisha miguu. Likatulia.

Siku zilizofuata Chiriku alikuja bila kupiga simu, na kila mara alikuta Zimwi uani, limelowa, limechubuka, linatukanwa. Furaha aliyokuwa nayo ni ya mtu anayetukaniwa mtoto wake na kila tusi linamnenepesha mtoto. Lakini kulikuwa na tatizo moja lililokataa kuondoka, na Mama Pacha ndiye aliyelitaja.

"Kufulia, sawa. Kumwaga je? Beseni likiwa chini, unashika ukingo, unalilaza, maji yanakwenda zake mtaroni. Hapa juu mpaka nilibebe zima, na maji yake, na mgongo wangu. Kile tulichookoa asubuhi tunakilipa mchana."

Shangazi hakubisha. Siku hiyo alikuwa amebeba beseni lililojaa mara moja, na sasa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mkono nyuma. Chiriku alimtazama na kibanio kikamlegea mdomoni. Alijaribu kulabu ya kuliinamishia beseni. Alitaka kulitoboa beseni alitie kizibo, na Mama Pacha akamuuliza kama na sufuria zake atazitoboa. Alichora, akafuta. Msasa alikuja kuona kwa macho yake, akalizunguka Zimwi mikono mfukoni asije akalipapasa, na yeye pia hakuwa na jibu.

Jibu lilikuja kwa kuvunjika.

Ilikuwa furushi la mwisho, mashuka. Mama Pacha alikuwa anasuuza kwa nguvu zake zote huku anasimulia habari za mtu, na alipofika penye utamu wa habari alilipiga beseni kiwiko. Msumari ukalia. Mguu wa mbele, upande wa mtaro, ukakunjika ndani kama goti la ngamia anayelala. Beseni likainama polepole, likatoa ulimi wa maji machafu, maji yakaingia mtaroni yote, pwaa, na mashuka yakabaki yamelala ndani ya beseni, hayakugusa hata vumbi.

"Zimwi limetapika," alisema Mama Pacha.

Dada Kimya akaanza kucheka. Hakuna aliyewahi kumsikia, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha tumboni, kikawaambukiza wote, mpaka Chiriku akakitema kibanio.

"Tena limetapika mtaroni," Mama Pacha aliendelea. "Lina adabu kuliko walevi wote wa mtaa huu."

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa amenyanyuka, anautazama ule mguu. "Lisimamisheni," alisema. "Tieni maji."

Wakalisimamisha, wakaushikiza mguu, wakajaza beseni. Shangazi akalisogelea, akiwa wima, mikono yake ameifunga kifuani. Akausukuma mguu ule kwa ncha ya kandambili. Mguu ukakunjika. Beseni likainama. Maji yakaenda zake.

"Sijabeba kitu," alisema Shangazi, kwa sauti ya chini, kama anaogopa mgongo usije ukasikia ukabadili nia. "Chiriku. Sijabeba kitu."

Jioni hiyohiyo Chiriku aliomba bawaba moja nzee na komeo dogo kwa Mhandisi mwenyewe, bila kusema za nini. Akavifunga kwenye ule mguu: unasukuma komeo kwa kidole cha mguu, Zimwi linapiga goti, linamwaga, unalinyanyua tena kwa ukingo. Kazi ya dakika chache, na hakuna mahali popote kwenye mtihani wake ambapo aliiandika.

Halafu akangoja. Kungoja kwa Chiriku ni kupanga skrubu, kuzipangua, na kumsimulia Msasa mambo ambayo Msasa alikuwepo yanatokea. Asubuhi moja kiti cha Mhandisi kilikuwa kitupu na koti halipo kwenye msumari wake.

"Kaenda," alisema Msasa.

"Kasema nisimsindikize."

"Basi usimsindikize."

"Simsindikizi. Nitamfuata tu."

Alikata ile kona ya uani anahema, akakuta kamba zimejaa nguo zilizokwisha kuanikwa, na Zimwi halipo. Shangazi alikuwa anakunja furushi kavu, ametulia.

"Shangazi, liko wapi?"

"Zimwi? Limeazimwa."

"Na Mhandisi?"

"Yule mama wa miwani? Alikuja. Mstaarabu sana. Nikamwambia Mama Pacha amelipeleka kwa dada yake."

"Ukamwambia halipo?"

"Sasa nimdanganye? Ulisema tuseme ukweli."

Kwa dada yake Mama Pacha walisema Zimwi lilimaliza pale mapema, limechukuliwa na wale wa nyumba yenye geti la bati, na ndiyo, mama mmoja mrefu alipita analiulizia. Kwenye geti la bati walisema limevuka barabara. Chiriku alivuka, akapita uchochoro mmoja, akapita mwingine, anaulizia zimwi kwa sauti kama mtu aliyechanganyikiwa, na watu wanamwonyesha njia bila kushangaa. Alikuwa hajui kama lilifika huko. Wanawake aliokuwa hawajui walikuwa wanalijua. Ndipo maneno ya Msasa yalipomrudia, kibaya chajitembeza, na hili lilikuwa limetembea kuliko mwenye nalo.

Alilikuta kwenye uwanja wa nyumba ndefu yenye bomba moja, limezungukwa na wanawake na mafurushi yao, wanabishana zamu ni ya nani. Pembeni Dada Kimya alikuwa anazungumza. Anazungumza sentensi nzima nzima, anafafanua, anaonyesha kwa kidole, na anayefundishwa alikuwa Mhandisi, mikono ya koti imekunjwa mpaka kwenye viwiko, mguu mmoja nje ya kiatu, anatafuta komeo kwa kidole gumba. Alilipata. Zimwi likapiga goti. Maji yakaenda zake.

"Aa," alisema Mhandisi. Akaona Chiriku. "Nilisema usinisindikize."

"Sikukusindikiza, mama. Nimepotea tu."

Mhandisi akavaa kiatu, akavaa miwani, akalizunguka Zimwi. "Ni baya."

"Ndiyo, mama."

"Linayumba. Na huu mguu hautamaliza mwezi."

"Ndiyo, mama."

"Nimeuliza kila nyumba, nani kalitengeneza. Wa kwanza kaniambia urefu kaukata Shangazi. Wa pili kaniambia mwenye wazo la mguu ni Mama Pacha, yeye ndiye aliyelivunja. Huyu dada ananiambia habari za mpira tangu nilipofika. Wewe hakuna aliyekutaja."

Chiriku alitafuta la kujibu, na alichokipata ni kwamba alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanauma.

"Wakiwa wanalidai ni lao," alisema Mhandisi, "basi limefika. Meza ya dirishani ni yako. Anza na huo mguu, tena leo, maana hawa watalivunja kabla ya Ijumaa." Akageuka kuondoka, akarudi hatua moja. "Na uache kuwapigia simu kabla ya kwenda."

Habari ile Chiriku aliibeba mbio mpaka kwa Shangazi, lakini alipofika mlangoni ilikataa kutoka, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alimshika tu Shangazi mikono, ile mikono yenye mikunjo ya maji, akaibana kifuani. Shangazi akaelewa yote.

"Asante, Shangazi," alisema mwishowe. "Ya povu lote."

"Povu halina asante, mwanangu. Lilikuwa linanifurahisha."

"Basi nitakuletea jingine zuri, imara, likikamilika. Na hii ya sebuleni niichukue niifanye meza ya kitu kingine."

Shangazi alisimama mbele ya stendi ya maua kama mlinzi wa benki. Alisimama kwa mara moja, bila mafungu, na mkono haukwenda nyuma. "Hii hainyanyuliwi. Hii ni asante yako uliyonipa zamani, na juu ya asante hapafuliwi nguo. Inakaa hapa na maua yake."

Mama Pacha aliingia na Dada Kimya, habari ilikwisha kuwafikia, wakamkumbatia wakamlowesha. Chiriku akakimbilia jikoni kuwachemshia chai. Aliileta kwenye sinia, akawagawia, akakaa kuwatazama wakinywa kwa mapenzi yote.

Shangazi alipiga funda moja. Akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akatazama dari.

"Chiriku, mama," alisema Shangazi. "Maadamu siku hizi tunaambiana ukweli."

"Niambie, Shangazi."

"Hii chai. Unachemsha majani mpaka yanaomba msamaha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipojua kuwasha jiko."

"Mimi huwa naumwagia mgomba," alisema Dada Kimya, sentensi nzima.

Chiriku alivitazama vikombe, akawatazama wao mmoja mmoja, watu waliokunywa uchungu huo miaka yote na kumwambia asante. Akakusanya vikombe, akaenda kuvimwaga, akabandika maji mengine. Kisha akarudi akasimama mlangoni.

"Haya. Semeni."

Wakaanza wote kwa pamoja, majani kidogo, sukari mwisho, usifunike, funika, na yeye akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kibanio cha nguo, akakibana kwa meno.